Hela ya Mtoto ni ya Nani? Kisa cha Jackie Coogan

Wakati Charlie Chaplin anapiga filamu ya The Kid huko Los Angeles, ipo siku kazi ilisimama kwa sababu mtoto alikataa kulia. Mtoto mwenyewe ni Jackie Coogan, miaka mitano hivi, na siku hiyo alikuwa na furaha zake tu. Sehemu waliyotaka kuipiga ndiyo moyo wa filamu nzima: maofisa wanakuja kumchukua mtoto wa kuokotwa wampeleke kituo cha yatima, wanamtupa nyuma ya gari, naye ananyoosha mikono akimlilia mtu pekee anayemjua kama baba. Chaplin alijaribu mbinu zake zote za kumtia huzuni. Wapi. Mtoto anacheka tu.

Baba mzazi wa Jackie alikuwa palepale. Akasema, niachieni mimi. Chaplin anasimulia katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1964, kwamba hakuwa na moyo wa kubaki kushuhudia. Akaenda chumba chake cha kubadilishia nguo. Muda si mrefu akasikia kilio. Kumbe baba alimwambia mwanawe kwamba asipolia, watamchukua kweli kweli na kumpeleka kwenye nyumba ya maskini. Chaplin akambeba mtoto, akambembeleza kwamba hakuna atakayemchukua. Jackie, machozi bado yanamtoka, akamnong'oneza kwamba alijua tu, baba alikuwa anatania.

Mimi filamu hiyo niliiona nikiwa chuo, mwaka wa pili. Mwalimu wetu wa fasihi aliamua siku moja kwamba hafundishi. Akafunga mapazia, akawasha projekta iliyokuwa inakoroma kama feni bovu, akatuambia tutazame bila kuongea. Tulicheka darasa zima pale mtoto anapovunja vioo vya madirisha ya watu kwa mawe ili Chaplin, fundi vioo, apite nyuma yake kana kwamba anapita tu, vioo vipya mgongoni. Halafu ikafika ile sehemu ya gari. Filamu haina sauti. Unaona mdomo wa mtoto unavyofunguka na mikono inavyoomba, basi. Lakini nakumbuka jirani yangu, jamaa mmoja aliyekuwa hajali kitu duniani, ghafla akainama akajifanya anafunga kamba za viatu.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa ripota, nilitumwa kuandika habari ya watoto wanaoonekana kwenye matangazo ya biashara. Nikamuuliza mama mmoja, mwanawe ana miaka sita na sura yake iko kwenye mabango barabarani, hela ya mtoto wanaiweka wapi. Akanitazama kama nimemtukana. "Kwani yeye anakula nini? Ada analipa nani?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe, darasa la nne, niliuza barafu mtaani kila Jumamosi, na hata siku moja sikuwahi kufikiria kwamba ile hela ni yangu. Ilikuwa ya mama. Angeniuliza mtu wa gazeti, ningemshangaa.

Ndipo nikaanza kumtafuta Jackie Coogan, maana nilishasikia kwamba Marekani kuna sheria inayoitwa kwa jina lake, na kwamba sheria hiyo inahusu swali hilohilo.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 26 Oktoba 1914, akapewa jina la John Leslie. Wazazi wake walikuwa watu wa jukwaani. Baba, ambaye naye aliitwa Jack, alikuwa mcheza dansi na mchekeshaji katika zile kumbi ambako kwa tiketi moja unaona wanasarakasi, waimbaji, mbwa waliofundishwa na mzee anayepiga kinanda. Mama yake, Lillian, naye aliijua kazi hiyo. Mtoto akakulia nyuma ya mapazia kama wa kwetu wanavyokulia gengeni: anaona, anaiga, siku moja anasukumwa mbele za watu.

Mwaka 1919 Chaplin aliingia ukumbi wa Orpheum, akamwona Jack akicheza, na mwisho wa onyesho akatoka kitoto kidogo kikacheza nacho. Alitoka mle akiwa na kitoto kichwani. Siku chache baadaye anasikia kwamba mchekeshaji mwenzake, Roscoe Arbuckle, amemsaini Coogan. Chaplin anakiri kwamba alichanganyikiwa: alikuwa ameanza kuona filamu nzima mbele ya macho yake, mzururaji na mtoto, vioo, mawe, na sasa amenyang'anywa. Mpaka mtu akamtoa wasiwasi kwamba aliyesainiwa ni baba, si mtoto. Akamfuata baba mbio, na baba akamkabidhi mtoto bila hata kusita.

Kuna mambo mawili ya Chaplin mwenyewe ambayo lazima niyataje hapa, maana bila hayo ile filamu haieleweki. La kwanza, Julai 1919 mkewe wa wakati huo, Mildred Harris, alijifungua mtoto wa kiume aliyeishi siku tatu tu. La pili, Chaplin mwenyewe, akiwa na miaka saba huko London, aliwahi kupelekwa nyumba ya maskini ya Lambeth pamoja na mama yake na kaka yake, na kule wakatenganishwa. Kwa hiyo kitisho alichokitumia baba Jackie siku ile hakikuwa kitisho cha hivihivi. Kwa Chaplin ilikuwa ni kumbukumbu. Nadhani ndiyo maana alitoka chumbani. Lakini pia, na hili silifichi, alitoka akiacha kazi ifanyike. Aliyataka yale machozi.

Na kazi ilikuwa kazi. Chaplin alikuwa mtu asiyetosheka: utepe alioupiga kwa ajili ya The Kid ulizidi mara 50 ule uliobaki kwenye filamu yenyewe. Tafsiri yake ni kwamba kila anachokifanya yule mtoto kwenye skrini kwa sekunde chache, amekifanya tena na tena, siku baada ya siku, mbele ya kamera na taa, mpaka bosi aseme imetosha. Na alikuwa anaweza. Jackie alikuwa na kipaji cha kuiga ambacho watu wazima wachache wanacho. Ukimwonyesha ishara mara moja anakurudishia ileile, ikiwa na uzito wake. Ukitazama anavyokunja bega lake dogo na kutembea nyuma ya Chaplin, unaona watu wawili wa ukoo mmoja.

(Kwenye ile filamu yumo mtoto mwingine, binti wa miaka 12 anayeigiza malaika katika sehemu ya ndoto. Aliitwa Lita Grey. Mwaka 1924, akiwa na miaka 16, Chaplin alimwoa. Nimeiweka kwenye mabano kwa sababu ni kisa kingine, si kwa sababu ni kidogo.)

The Kid ilitoka mwanzoni mwa mwaka 1921, na kuanzia hapo mtoto hakuwa tena wa nyumbani kwao peke yake. Zikafuata Peck's Bad Boy, My Boy, halafu mwaka 1922 Oliver Twist, akiwa na Lon Chaney. Mwaka 1923 kampuni ya Metro ilimchukua kwa dola 500,000 taslimu za kusaini na ahadi ya dola milioni moja kwa filamu nne. Mtoto wa miaka minane! Sura yake iliuza siagi ya karanga, madaftari, filimbi, midoli, sahani za santuri. Zile nywele zake zilizokatwa duara juu ya nyusi, kila mama mwenye mtoto wa kiume alizijua. Alikuwa miongoni mwa watu maarufu kabisa duniani kabla hajaanza kubadilisha meno.

Mwaka 1924 alizungushwa Marekani na Ulaya kuchangisha misaada kwa yatima wa Armenia na Ugiriki, katika kampeni ya shirika la Near East Relief. Vilikusanywa chakula, nguo na michango yenye thamani ya zaidi ya dola milioni moja. Papa Pius XI alimpokea. Nina picha hiyo akilini: mtoto anayeombea watoto wengine chakula dunia nzima, na yeye posho yake ya wiki ni dola 6 na senti 25.

Hiyo posho ndiyo hela pekee aliyoishika mkononi. Nyingine zote zilipita juu ya kichwa chake. Baba aliacha jukwaa akawa msimamizi wake, kukawa na kampuni yenye jina la mtoto, kukawa na nyumba, magari, shamba. Jackie aliamini, na baadaye alilisema mahakamani, kwamba baba yake alikuwa anamwekea. Siku akifikisha miaka 21, atakabidhiwa.

Halafu ikatokea kinachowatokea watoto wote: akakua. Mwaka 1927 zile nywele zilikatwa, na Hollywood ilivyo haitupi kitu, tukio hilo likageuzwa filamu, Johnny Get Your Hair Cut. Alirudi tena mwaka 1930 na Tom Sawyer, mwaka uliofuata Huckleberry Finn, filamu za sauti hizi. Si mbaya. Lakini watu walikuwa wanamtafuta yule wa kwenye gari, na yule hayupo tena.

Mei 1935 Jackie, baba yake na watu wengine watatu walikuwa wanarudi kutoka kuwinda kusini mwa California. Baba ndiye aliyeshika usukani. Gari likaacha njia milimani na kupinduka. Mmoja wa waliokufa alikuwa Junior Durkin, kijana aliyecheza Huckleberry Finn naye akiwa Tom Sawyer. Baba naye akafa. Wanaume watano ndani ya gari, akatoka mmoja.

Oktoba mwaka huo Jackie alitimiza miaka 21. Hakukabidhiwa kitu.

Mama yake aliolewa na Arthur Bernstein, mtu aliyekuwa anasimamia mambo ya fedha ya familia. Jackie naye akaoa Novemba 1937. Bibi harusi alikuwa Betty Grable, ambaye bado hajawa yule Betty Grable wa picha za ukutani za wanajeshi. Kijana ana mke, hana kazi ya maana, na ana habari kwamba amewahi kuingiza dola kati ya milioni tatu na nne. Tarehe 11 Aprili 1938 alimshtaki mama yake mzazi na baba yake wa kambo.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, msomaji, kwa sababu huwa watu wanapita haraka. Kisa hiki kinasimuliwa siku zote kama kisa cha mama mbaya. Makoti ya manyoya, almasi, magari ya kifahari, na kijana wake anahangaika. Vitu hivyo vilikuwepo, sikatai. Lakini mama Coogan alipojibu hakusema "sikula." Alisema, kwa ufupi, kwamba zilikuwa zake. Na Bernstein aliwaambia waandishi wa habari kwamba sheria iko upande wao. Na kweli ilikuwa upande wao!

Sheria ya California wakati huo ilisema kipato cha mtoto ambaye hajafikisha umri wa utu uzima ni mali ya wazazi. Haikutungwa kwa ajili ya Hollywood. Ilitoka mbali, kwenye desturi ya kisheria ya Waingereza, enzi ambazo mtoto alikuwa anachunga mifugo, anavuna, anashika nyundo kwenye karakana ya baba, na kile kidogo anachopata kinaingia chungu kimoja na cha wengine. Mzazi anamlisha, mzazi anamvisha, mzazi anapokea ujira wake. Ukiisoma hivyo, si sheria ya ajabu hata kidogo. Ni sheria ya barafu zangu za Jumamosi. Ni jibu la yule mama wa kwenye mabango, neno kwa neno: kwani yeye anakula nini?

Kwa hiyo muda mrefu nilikwama hapo. Nilitaka kumlaumu Lillian Coogan na nikawa najisikia namlaumu mama yangu.

Kilichonikwamua ni hoja nyingine waliyoitoa, ambayo kwenye magazeti ya wakati ule haikupewa uzito sana. Walisema kwamba Jackie hakuwa anafanya kazi. Alikuwa anafurahia. Alidhani anacheza. Mtoto mbele ya kamera, nguo za kuchekesha, watu wazima wanampigia makofi, huo ni mchezo, na mtu halipwi kwa kucheza.

Niliposoma hilo nikarudi kwenye kile kilio. Mchezo gani huo ambao mtoto asipotaka kuucheza anaambiwa atapelekwa nyumba ya maskini? Siku ile mtoto alikuwa anacheza kweli, alikuwa anacheka, na hicho ndicho kilichokuwa kikwazo. Baba alimtoa kwenye mchezo akamwingiza kazini kwa njia ya haraka aliyoijua. Na mtoto alikuwa na akili ya kulitambua hilo. Alilia, kazi ikaisha, halafu akanong'ona kwamba alijua. Kama siyo mfanyakazi, mimi sijui mfanyakazi ni nani.

Tofauti nyingine ni ya kawaida kabisa, ni ya hesabu. Hela ya barafu ilinunua unga na mimi nikala ule ugali. Mama yangu hakuwa na kazi ya kusimamia kipato changu. Alikuwa na kazi yake, na mimi nilimsaidia. Kwa akina Coogan mambo yaligeuka: mtoto ndiye aliyekuwa shamba, watu wazima wakawa vibarua wake, ila vibarua wakawa ndio wenye shamba. Pale ambapo familia nzima inakula kwa mtoto mmoja, lile swali la "nani anamlisha" linabidi liulizwe upya, na jibu lake si lilelile.

Kesi ilivuta hadi mwaka 1939. Ilipokaguliwa mali iliyobaki, ile milioni kadhaa haikuwepo. Kilichokuwepo ni kama dola 252,000. Waligawana. Jackie akapata karibu dola 126,000, na hapo bado mawakili hawajachukua chao. Ndoa yake na Grable ilivunjika mwaka huohuo. Alipoishiwa kabisa alimwendea Chaplin, na Chaplin akampa hela bila maswali.

Kelele za kesi ndizo zilizozaa sheria. Mwaka 1939 California ilipitisha sheria ya watoto waigizaji, ambayo tangu hapo watu wanaiita Sheria ya Coogan. Mwenyewe haikumsaidia kitu, bila shaka. Sheria haimrudii mtu nyuma. Na kusema kweli ilikuwa na matundu. Ilimpa jaji uwezo wa kuagiza sehemu ya kipato cha mtoto iwekwe akiba, ila ni pale tu mkataba unapopelekwa mahakamani kuidhinishwa. Mkataba usiofika mahakamani haukuguswa. Na kile ambacho hakikuagizwa kuwekwa, kiliendelea kuwa cha wazazi kama zamani.

Shirley Temple anaweza kutueleza. Huyu alikuwa mkubwa kuliko Jackie. Mwaka 1935 alipewa tuzo maalum ya Oscar akiwa na miaka sita. Katika kitabu chake Child Star, cha mwaka 1988, anasimulia jinsi alivyokuja kugundua, akiwa tayari ni mama wa mtoto, kwamba katika zaidi ya dola milioni tatu alizoingiza zilikuwa zimebaki dola 44,000. Miaka kumi baada ya Sheria ya Coogan, hiyo. Yeye hakumshtaki mtu. Aliendelea na maisha, akaingia siasa, mwaka 1974 akaja Afrika, Accra, kama balozi wa Marekani nchini Ghana. Wapo wanaomsifu kwa kusamehe. Mimi huwa najiuliza tu kama Jackie asingeshtaki, nani angejua kwamba kuna cha kusamehe.

Tena kuna Baby Peggy, nyota wa filamu bubu za miaka ya 1920, ambaye familia yake ilipoteza utajiri wote kabla hajawa msichana mkubwa. Alibadilisha jina akawa Diana Serra Cary, akawa mwanahistoria, na mwaka 2003 akaandika kitabu kizima kuhusu Jackie Coogan. Alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 101. Kitabu cha mtoto aliyeporwa kuhusu mtoto mwenzake, kimeandikwa bila kilio. Nakipendekeza.

Jackie mwenyewe alifanya nini baada ya hapo? Alifanya kazi. Machi 1941 alijiunga na jeshi. Vita vilipoingia Marekani akaomba kwenda kwenye ndege zisizo na injini, zile zinazovutwa angani na ndege nyingine halafu zinaachiwa zitue zenyewe. Machi 1944 alirusha moja usiku, ikiwa imebeba askari wa Uingereza, akatua nyuma ya mistari ya Wajapani huko Burma. Miezi michache baadaye, katika msitu wa nchi hiyohiyo, walifika askari wetu wa KAR, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland. Sijasikia mzee yeyote aliyekutana naye, na wangekutana wasingemjua. Hana tena nywele za duara.

Baada ya vita ni kazi ndogondogo, vilabu vya usiku, filamu za bei nafuu, ndoa kadhaa, televisheni. Kisha mwaka 1964 akapata nafasi katika The Addams Family, akawa Uncle Fester, yule mzee mwenye upara, macho yaliyozungukwa na weusi, anayewasha balbu kwa kuiweka mdomoni. Kipindi kilidumu hadi 1966 na bado kinarudiwa mpaka leo. Wapo watu wengi wanaomjua kwa upara tu. Binafsi napenda Fester wake. Ana utoto fulani ambao haujakatwa.

Mwaka 1972 Chaplin, baada ya miaka 20 ya kukaa nje ya Marekani, alirudi Los Angeles kupokea tuzo ya heshima ya Oscar. Alikuwa mzee wa miaka karibu 83, dhaifu, anasahau watu. Walikutana tena yeye na Jackie, mmoja ameshikwa mkono ili asianguke, mwingine mnene, kipara, miaka 57. Jackie Coogan alifariki tarehe 1 Machi 1984, kwa ugonjwa wa moyo, huko Santa Monica.

Sheria yake iliendelea kuishi na kurekebishwa. Tangu Januari 2000, kipato cha mtoto mwigizaji California ni mali ya mtoto mwenyewe kisheria, na asilimia 15 lazima iingie kwenye akaunti ya amana ambayo mzazi hawezi kuigusa. Benki za kule zina akaunti inayoitwa kabisa akaunti ya Coogan. Mwaka 2024 ikaongezwa tena, ikawafikia watoto wanaorekodiwa na wazazi wao kwa ajili ya mitandaoni. Ile hoja kwamba mtoto anacheza tu imefika huko sasa, kwenye simu, na hapo naijua vizuri zaidi: dada yangu ana ukurasa wenye wafuasi wengi, na wanachokifuata ni mwanawe wa miaka mitatu anavyotamka majina ya mboga. Kuna kampuni ya nepi imeshampigia. Tumeongea. Aliniuliza kama nataka kuwa mjomba au polisi. Juzi amenitumia picha ya kitabu cha benki chenye jina la mtoto; salio sikuliuliza.

Wiki iliyopita niliitazama The Kid tena, safari hii kwenye laptopu, peke yangu, na nikaona kitu ambacho chuoni kilinipita. Baba Coogan yumo ndani ya filamu. Chaplin alimpa vijisehemu kadhaa, na kimojawapo ni kwenye ile nyumba ya kulala ya bei ya chini, Chaplin akiwa amemficha mtoto kitandani. Kitanda cha pembeni amelala mwizi wa mifukoni. Huyo ndiye baba yake Jackie. Mkono unatambaa, unaingia kwenye mfuko wa Chaplin, unapekua, unatoka na sarafu ambayo Chaplin mwenyewe hakujua kwamba anayo. Chaplin anaamka, anaichukua sarafu yake, anaitazama, anafikiri kidogo. Halafu anaushika ule mkono wa mwizi na kuurudisha mfukoni taratibu, aone kama utapata nyingine.